Kochi la Afisa na Eneo la Darasa la Sita

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, kipindi cha tatu, mwalimu wa hesabu akiwa amewapa mgongo watoto wa darasa la sita anachora pembetatu ubaoni. Karani wa shule alichungulia mlangoni. Hakuingia, maana pa kukanyaga hapakuwepo. Watoto wanaokaa sakafuni walikuwa wamefika hadi kizingitini. Akaita akiwa nje.

"Madam, unaitwa ofisini. Weka chaki chini, ni sasa hivi."

"Ngoja nimalize pembetatu."

"Pembetatu haina miguu, utaikuta. Mwalimu mkuu anatoka jasho huko."

Akapita katikati ya watoto akitafuta pa kuweka mguu baina ya mikono na madaftari, akimwomba radhi huyu na kumsogeza yule, kama mtu anayevuka shamba la miche. Nyuma yake darasa likaanza kuvuma.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mzuri wa kusalimiana naye na mbaya wa kumtegemea. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, simu ameinyoosha mbele kama kitu kinachonuka.

"Hii ni nini?"

Mwalimu akainama kutazama. Ilikuwa blogu yake mwenyewe. Akafurahi, kabla hajauangalia uso wa bosi wake.

"Ni somo la eneo, mwalimu mkuu. Si lile tuliloagizwa? Mifano itoke kwenye mazingira ya mtoto."

"Shuka chini. Soma watu walivyoandika."

"Lo! Wengi hivi? Wiki iliyopita nilikuwa na wasomaji watatu, na mmoja ni binti yangu."

"Unacheka, mwalimu? Unacheka?"

Agizo lilikuwa limeshuka kutoka juu, kama yanavyoshuka maagizo yote, pasipo ngazi ya kumpandisha anayetaka kuuliza. Kila mwalimu afungue blogu. Kila mwalimu awe na ukurasa mtandaoni, aweke somo kila wiki, na atapimwa kwa idadi ya wanaomsoma. Akaja kijana mmoja wa Ofisi ya Elimu kuwafundisha, amebeba mashine ya kurushia picha ukutani. Shule haikuwa na umeme. Kijana akazungusha waya mkononi, akatafuta tundu la kuchomeka, akakuta mjusi. Basi akawaambia walimu wavute picha akilini. Kutwa nzima watu wazima wenye familia zao waliangalia ukuta mtupu na kuitikia, "Tumeona." Toka siku hiyo wakambatiza Bwana Projekta. Simu hakuwapa, bando hakuwapa. Aliwapa makofi, wajipigie wenyewe, akaondoka.

Mwalimu wa hesabu hakuwa mtu wa kuacha kazi aliyoagizwa. Nywele zilikuwa zimeshaingia mvi, macho yanataka miwani, lakini alikaa kitako na binti yake mkubwa akajifunza. Binti alikuwa amemaliza masomo na sasa anasuka watu nywele barazani akingoja ajira ambayo haijawahi kumpigia hodi. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Mwalimu aliandika tarehe juu kulia, akapigia mstari, akaandika ZOEZI LA KWANZA kwa herufi kubwa. "Mama, herufi kubwa mtandaoni ni kufoka," binti akamwambia. "Basi wajue niko kazini," mama akajibu. Mtu asiyemjua alipoandika "safi sana madam," mwalimu alimjibu, "Andika sentensi kamili." Mwingine alipokosea kuzidisha, akamwekea alama ya kosa na neno Rudia. Cha ajabu ni kwamba yule mtu alirudia.

Na hatimaye likaja hilo somo la eneo. Watoto wa darasa la sita walipima darasa lao kwa tepu ya mume wake, ambaye ni fundi wa makochi. Urefu mita nane, upana mita sita. Wakazidisha, wakapata arubaini na nane. Wakajihesabu, wakajikuta mia na ishirini. Wakagawanya. Kila mtoto akapata mita ya mraba sifuri nukta nne. Hapo angeishia, yangekuwa mengine. Lakini mwalimu wa kweli huwa haridhiki mpaka mtoto alione jibu kwa macho, na sifuri nukta nne haionekani. Akatoka uani kwake, akatafuta kitu chenye pembe nne sawa, akakuta kochi la mtu mmoja ambalo mumewe alikuwa analitengeneza, limepinduliwa miguu juu ili libadilishwe mikanda. Akalaza tepu juu yake. Tisini kwa tisini. Akapiga picha, akaandika: Je, kochi hili linachukua nafasi ya wanafunzi wangapi wa darasa letu?

Picha ilitoka vizuri. Binti alikuwa amemfundisha asipige akilielekea jua. Ilitoka vizuri kiasi kwamba hata maandishi ya rangi nyeupe chini ya kochi, yale ambayo ofisi huandika kwenye mali zake ili zisiibiwe, yalisomeka bila miwani: OFISI YA ELIMU. AFISA. KOCHI 3.

"Jibu ni wawili," mwalimu mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Nchi nzima imeshapiga hesabu. Kochi la Afisa Elimu ni sawa na watoto wawili."

"Wawili na nukta sifuri mbili tano," mwalimu alisahihisha. Mdomo ulimtoka tu.

"Najua! Kuna mtu ameandika hapa kwamba hiyo nukta ni kidole cha mtoto wa tatu. Mwalimu, umetuua. Kesho unatakiwa kwake, wewe peke yako. Mimi nimeshawaambia sikujua chochote."

"Lakini ulinipigia makofi Ijumaa, mbele ya walimu wenzangu."

"Nilipigia makofi blogu. Kochi sikuliona."

Aliporudi darasani kuchukua mkoba, pembetatu ilikuwa imefutwa. Mtoto mmoja alikuwa amechora kochi.

.

Nyumbani alikuta gari la Ofisi ya Elimu limeegeshwa kwa nyuma, limeziba njia. Mumewe amesimama uani na nyundo mkononi, dereva amesimama mbele yake, na kati yao kochi, nusu limevaa, nusu mbao tupu.

"Fundi, mimi nimetumwa," dereva alikuwa anasema. "Nimeambiwa nirudi na kochi. Sikuambiwa nirudi nalo likiwa zima."

"Sponji ni yangu hiyo. Nimenunua kwa pesa yangu. Walisema watanilipa kazi ikiisha."

"Basi itoe sponji yako, kaka. Mimi nakusubiri."

Fundi akapiga magoti, akaanza kuibandua. Lakini ile gundi alikuwa ameipaka asubuhi, na fundi huyu hakuwa mtu wa kupaka gundi kwa kubania. Sponji ikatoka mapandemapande kama mkate uliolowa. Kila pande alilotoa alilipanga chini kwa uangalifu, utadhani litakuja kufaa. Ng'ambo ya njia mama mwenye duka alikuwa ameshatoka nje na khanga yake, hana haya.

"Fundi! Eti ndilo hilo la watoto wawili?"

"Uza duka, mama!"

"Nauza. Macho hayauzwi."

Walipolipandisha garini, mguu mmoja wa kochi ulikwaruza mlango wa gari, na dereva akaguna kama aliyekwaruzwa yeye. Gari likaondoka. Fundi alibaki amesimama, sponji miguuni, mpaka mkewe alipomgusa bega.

"Baba watoto."

"Usiniambie kitu kwanza." Akaanza kukusanya sponji, kisha akashindwa kujizuia. "Hapa uani kuna pipa. Kuna ngazi. Kuna mlango wa choo, nilishautoa bawaba, umelala pale chini hauna kazi. Ukaacha vyote hivyo ukachagua kochi la Afisa!"

"Lilikuwa na umbo zuri."

"Umbo?"

"Mraba. Tisini kwa tisini. Ule mlango umepinda, ungewachanganya watoto."

Fundi akamwangalia mkewe. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi na bado alikuwa na siku za kumshangaa.

"Na yale maandishi hukuyaona?"

"Niliyaona. Lakini hayakuwa sehemu ya swali."

Kutoka chumbani bibi, mama yake fundi, akakohoa, kisha akauliza nani kafa. Bibi huyu alikuwa akitibiwa kwa kadi ya bima ya mwalimu. Dawa za presha, dawa za miguu, vipimo vya kila mwezi, vyote vilipita kwenye jina la mkwewe. Na fundi, ambaye kazi zake zilikuja kwa msimu na kulipwa kwa hiari ya mtu, alilijua hilo kuliko alivyopenda kulijua.

"Hajafa mtu, mama," alimjibu. "Lala."

.

Ofisi ya Elimu haina pa kukaa kwa anayesubiri. Mwalimu alisimama kwenye korido tangu asubuhi, amevaa gauni lake la vikao, akipisha kila anayepita na faili. Mhudumu wa chai alipita mara kadhaa. Mara ya mwisho akasimama, akamnong'oneza, "Wewe ndiye wa kochi?" na kumshika mkono haraka, kama anayempa pole ya msiba, kisha akaendelea na sinia lake.

Walipomwita ndani, kitu cha kwanza alichokiona ni zulia. Kwenye zulia, kando ya makochi mawili yaliyobaki, palikuwa na alama nne za miguu ya kochi la tatu. Hakutaka kupima. Macho yalipima yenyewe. Ofisi ya mtu mmoja, na ililizidi darasa la sita upande mmoja na mwingine.

Afisa Elimu hakufoka. Watu wa namna yake hawafoki, wana watu wa kuwafokea. Alitabasamu, akamwonyesha akae. Bwana Projekta alikuwa amesimama dirishani na simu.

"Mwalimu wangu," Afisa alisema, "wewe ni hodari. Tumeona. Wasomaji ulionao sasa hivi, hakuna mwalimu anayekukaribia."

"Ahsante, mheshimiwa."

"Tatizo ni dogo. Sisi tulishapeleka taarifa juu. Taarifa inasema kila mtoto katika shule zetu ana mita ya mraba moja nukta mbili. Sasa wewe umesema nukta nne. Huoni kwamba mmoja wetu amekosea?"

"Naona, mheshimiwa."

"Vizuri."

"Nani alipima hiyo moja nukta mbili?"

Tabasamu halikuondoka, ila lilikaa vibaya. Bwana Projekta akadakia: "Ilipimwa kitaalamu, madam."

"Watoto wakiwemo ndani?"

"Mwalimu," Afisa akasema, "hukuitwa hapa kuuliza maswali. Hesabu kukosewa si dhambi. Wewe mwenyewe kila siku unawawekea watoto alama za kosa na dunia haiishi. Nenda kwenye hiyo hiyo blogu, andika kwamba vipimo vilikosewa, weka vile sahihi, jibu litoke moja nukta mbili. Ile picha iondoe. Mpaka Ijumaa."

"Nikiandika hivyo watoto watasoma. Ndio waliopima. Kwa mikono yao."

"Watoto husahau."

"Hawa nimewafundisha wasisahau."

Afisa akageukia karatasi zake, akafungua moja, akaifunga. "Kuna shule moja kule mwisho wa barabara. Mwisho kabisa, pale ambapo magari hugeuzia. Wanamlilia mwalimu wa hesabu. Nyumba ya mwalimu haipo, mtandao ndio usiseme, utapumzika na haya mablogu. Mshahara nao utakufuata, polepole. Na bima, unajua tena, mtu akihamishwa makaratasi hutangatanga." Akainua macho. "Una mgonjwa nyumbani, eh? Nimeambiwa."

Hakuna aliyekuwa amemwambia isipokuwa mwalimu mkuu.

Alipotoka, Bwana Projekta alimfuata hadi kwenye ngazi. Hapo hakuwa na sauti ya ofisini. "Madam, usinichukie. Mimi nilisema mifano ya mazingira. Nilikuwa namaanisha maembe. Vitu kama maembe."

"Hukusema maembe, mwanangu."

"Picha ya maembe ilikuwepo kwenye mashine. Umeme ndio haukuwepo."

.

Alhamisi jioni walikaa barazani, mwalimu, mumewe na binti, simu moja kati yao juu ya kigoda. Mteja wa kusukwa aliyekuwa ameahidi kuja hakuja. Tangu Jumanne watu walikuwa wanapita mbele ya nyumba hiyo wakipunguza mwendo, na wengine wakitoa simu.

"Kwanza iondoe picha," fundi alisema.

"Nilishaiondoa mchana," binti akajibu. "Lakini haisaidii, baba. Watu walishaihifadhi kwenye simu zao. Wameiwekea na muziki."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Ubaoni nikifuta, imefutika. Hakuna anayekuja kesho na ubao wangu wa jana."

"Mtandao si ubao, mama. Nilikwambia siku ya kwanza kabisa."

"Uliniambia. Nikadhani unanisifia kazi."

Fundi alikuwa amekaa na tepu yake mkononi, anaivuta na kuiachia, kach, kach, kach, mpaka binti akamwomba aache. Akaiweka chini. Kisha akaiokota tena, akaitazama, na sauti ikambadilika kama ya mtu aliyepata mlango.

"Singizia tepu."

"Nini?"

"Hukukosea wewe, hawakukosea watoto. Tepu mbovu. Andika: tepu iliyotumika ilikuwa na hitilafu. Tepu haina mama wala baba wa kuona aibu. Wao watapata hiyo moja nukta mbili yao, wewe unabaki na kazi, watoto wanabaki na akili zao. Yamekwisha."

Binti akacheka bila furaha. "Baba, hebu piga hesabu. Watoto mia na ishirini, kila mmoja moja nukta mbili. Hilo darasa linatakiwa liwe la ukubwa gani?"

Mwalimu alikuwa ameshaipiga. Alikuwa ameipiga njiani akirudi kutoka ofisini, halafu tena jikoni, akitumaini kwamba safari hii jibu litatoka jingine. "Mita kumi na mbili kwa kumi na mbili," alisema. "Kama ukumbi wa harusi."

"Basi hiyo tepu iliona mita kumi na mbili ikasema nane," binti akasema. "Na upande wa pili ikaona hizo hizo kumi na mbili, ikasema sita. Tepu ya namna gani hiyo? Imekunywa?"

"Watu hawatapima," fundi akasema. "Watu wana shida zao. Watasoma neno hitilafu, watapita. Mama watoto, nakuomba. Bibi ana kliniki Jumatatu."

Ndani bibi akasema, "Mimi msinitaje. Nimeshaishi."

"Mama, nyamaza!"

"Nanyamaza. Lakini miguu ni yangu, na uongo usiandikwe kwa miguu yangu."

Fundi alikuwa ameinama, na mkewe akaona jinsi vidole vyake vilivyokuwa bado na gundi ya Jumanne, imekauka na kuwa kama ngozi ya pili. Hakuwa mtu wa kuomba. Kwa wateja hakuomba, hata wale waliomzungusha mwaka mzima. Alinyamaza na kuendelea kupiga misumari. Leo ameomba mara moja, mbele ya mwanawe, na angeomba tena.

"Lete simu," mwalimu akasema. "Andika, mwanangu, nikutajie."

Binti akavuta mikono nyuma. "Mimi siandiki."

"Binti!" fundi akasema.

"Sitaki, baba. Mambo yote nilishamwonyesha. Anajua pa kufungulia, anajua pa kuandikia, anajua pa kubonyeza. Kama ni kweli anataka, aandike mwenyewe."

Akainuka, akachukua chanuo lake na kuingia ndani. Mwalimu akavaa miwani. Akafungua mahali pa kufungulia. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akifuta, akirudia, nukta mahali pa nukta na mkato mahali pa mkato. Herufi kubwa hakuzitumia. *Wapendwa wasomaji na wanafunzi, katika somo la eneo la darasa letu vipimo vilikosewa kutokana na hitilafu ya tepu. Vipimo sahihi ni mita kumi na mbili kwa kumi na mbili. Hivyo kila mwanafunzi ana mita ya mraba moja nukta mbili. Naomba radhi kwa usumbufu.* Mumewe akasoma juu ya bega lake, midomo ikitembea. Akasema, "Hapo sawa." Mwalimu akabonyeza.

Likaenda. Ndilo lilikuwa somo la kwanza aliloliweka mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila kusaidiwa na mtu.

.

Ijumaa asubuhi gari la ofisi lilirudisha kochi. Dereva alishuka akicheka, akasaidia kulishusha, akasema Afisa analitaka kwa ngozi ile ya kung'aa na mambo yaliyopita yamepita. Alileta na sehemu ya malipo. Fundi akapokea kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu naye alimsimamisha mwalimu mbele ya wenzake akasema huo ndio uungwana. Na kabla ya saa ya mapumziko Ofisi ya Elimu iliichukua ile radhi na kuiweka kwenye ukurasa wake mkubwa, chini ya picha ya bendera na vitabu, kwa maneno haya: *Mwalimu wa mfano katika matumizi sahihi ya mitandao.* Bwana Projekta akawa wa kwanza kuweka kidole gumba.

Wakubwa hawajui kuacha kidonda kikauke. Kama wangenyamaza, huenda fundi angekuwa amesema kweli: watu wangesoma neno hitilafu na kupita. Lakini kuwekwa pale juu, kwenye ukurasa ule, kulikuwa ni kuwapigia watu kengele.

Jumamosi alikuja mzee mmoja aliyekuwa ameagiza makochi ya sebule nzima, seti ya watu saba. Alizunguka uani, akabonyeza sponji, akasafisha koo.

"Fundi, tepu ni ile ile?"

"Ipi, mzee wangu?"

"Ile ya kwenye simu. Inayoona kumi na mbili ikasema nane. Maana sebule yangu ndogo. Ukiniletea kochi la mita mbili likageuka kuwa la mita tatu, nitalala wapi?"

Waliokuwa dukani wakacheka mpaka wakashikana. Mama mwenye duka akaongeza kwamba kitambaa cha pazia alichopimiwa mwaka jana ndiyo maana kilikuwa kifupi. Fundi alicheka nao, kwa sababu asingecheka ingekuwa mbaya zaidi. Mzee hakufuta oda. Alisema tu atafikiria, na kwamba kuna fundi mwingine kule karibu na soko, wa kulinganisha bei.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Mzee alipoondoka alitaka kusema kitu.

"Usiseme," fundi akamwambia. "Ni mimi niliyekutuma." Akaokota nyundo. "Ila nilidhani tepu haina aibu."

Siku hizo mbili za mwisho wa wiki watu wa nyumba hiyo walizungumza kwa maneno machache: chumvi iko wapi, funga mlango, bibi ameshakunywa dawa. Mwalimu aliinuka na kukaa, akapanga madaftari ambayo yalikuwa yameshapangwa. Akatoka nje, akarudi. Kila mara mkono ulikwenda kwenye simu na kila mara aliurudisha, mpaka Jumapili alasiri akashindwa, akavaa miwani na kuifungua.

Chini ya radhi yake watu wazima walikuwa wameandika mengi, matusi na vichekesho na pole. Hayo aliyapita. Macho yake yalikuwa yanatafuta mwandiko wa darasa la sita, ingawa kwenye simu mwandiko haupo, herufi zote ni za aina moja. Akakuta maneno yaliyoandikwa jana yake kutoka kwenye simu ya mama wa mtu. Yalikuwa na tarehe juu, na yalikuwa ni sentensi kamili.

*Shikamoo madam. Ni mimi wa pale mlangoni, natumia simu ya mama. Nimesoma masahihisho na nimefurahi kwamba darasa letu ni kubwa.*

Na chini yake swali. Lilikuwa limeshabandikwa hata kwenye ule ukurasa mkubwa wa Ofisi ya Elimu, na vidole gumba havihesabiki. Afisa ameliona, mwalimu mkuu ameliona, Bwana Projekta amelifuta na watu wamelirudisha. Mwalimu alibonyeza mahali pa kujibia. Alijua vizuri pa kubonyeza. Kile kijistari kikatokea, kinawaka na kuzima, kinamngoja, na binti yake akaja akasimama nyuma yake, na mumewe pia, nyundo ikiwa imenyamaza mkononi, wote watatu wanasoma:

*Madam, hizo mita zilizoongezeka ziko upande gani, ili sisi tunaokaa chini tuhamie huko kesho?*